Wifi yangu alisema nakonyeza wavuvi, leo jicho la mtoto wake liko mkononi mwangu

Admin, nifichie jina, maana huku Mantapala, makazi ya wakimbizi Zambia, watu hawana kazi kubwa kuliko kutafuta aliyeandika. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu. Nilikimbia Kongo na mume wangu na binti yetu akiwa bado ananyonya. Hapa tukapewa shamba, mume wangu akalima mihogo, mimi nikawa nashuka Nchelenge kununua samaki ufukweni mwa ziwa na kuwauza.

Anayejua ufukwe wetu anajua na mambo yake. Wako wavuvi ambao hawampimii mwanamke samaki mpaka alale nao kwanza, na wako wenzangu waliokubali kwa sababu ya njaa, siwahukumu. Mimi sikuwahi. Nilikuwa nawafuata jioni kabla mitumbwi haijatoka, tunapatana samaki wa kesho, na kesho asubuhi nafika wa kwanza.

Mwaka juzi kope ya jicho langu la kushoto ikaanza kuanguka. Asubuhi naamka mzima kabisa, lakini jua likianza kushuka na kope inashuka, hadi nusu ya jicho inafungwa. Hakuna maumivu. Nikadhani ni moshi wa kukausha samaki.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, tulikuwa tunakwenda naye ufukweni kila siku. Tulikula sahani moja. Badala ya kuniuliza nimepatwa na nini, alikwenda kwa kaka yake akamwambia: "Kaka, bibi yako anapigaka bavuvi jicho. Njo maana anapata samaki ya muzuri kupita siye. Asubui jicho iko muzima, mangaribi njo inafunga. Ni bugonjwa gani ile inajua saa?"

Jioni ile mume wangu alinikalisha chini akanitazama usoni. Kope ilikuwa imeshaanguka, ningefanya nini? Akasema, "Ata miye unanipiga jicho?" Nikafukuzwa na nguo nilizovaa. Kanisani wakanitoa kwenye kwaya. Binti yangu alibaki kwa baba yake, na shangazi yake akamfundisha asiniangalie machoni, eti nitamwambukiza umalaya. Sasa ana miaka sita, na nikienda kumsalimu anajiziba uso kwa viganja. Wenzangu, mtoto niliyembeba mgongoni kuvuka mpaka ananiziba uso! Hapo ndipo roho yangu ilipogeuka nyeusi, sitawadanganya.

Siku moja nilipita hospitali nikiwa na sanduku langu la samaki kichwani. Daktari alinisikiliza, akaniambia nitazame juu bila kushusha macho. Haikupita muda kope ikaanguka yenyewe mbele yake. Akauliza, "Mama, mu sanduku muna barafu?" Nikamwambia ipo, lakini inanuka samaki. Akacheka, akachukua vipande akavifunga ndani ya glavu, akaniwekea juu ya jicho kama dakika mbili. Alipoitoa, akanipa kioo. Kope ilikuwa imepanda! Nililia mbele ya wagonjwa wote.

Akanieleza kwamba ni ugonjwa, amri ya neva haifiki vizuri kwenye misuli, kwa hiyo misuli inachoka kadiri siku inavyokwenda, na ubaridi unaisaidia kidogo. Alinituma hospitali kubwa wakapima damu, wakanipa vidonge. Nikivimeza kwa saa zake, kope inakaa juu hadi jioni. Aliniambia pia kope huanguka kwa sababu nyingi: uzee, kuumia, wengine wanazaliwa nayo, na ikianguka ghafla pamoja na kichwa kuuma sana, mtu akimbie hospitali siku hiyohiyo. Karatasi ya hospitali nilimpelekea mume wangu. Akasema dada yake hawezi kumdanganya.

Malipo ni hapahapa duniani. Wifi akazaa mtoto wa kike, na kope moja imefunika mboni tangu siku ya kuzaliwa. Niliposikia nilijifungia ndani nikacheka mpaka mbavu zikauma. Sasa mtoto anatembea, anainua kidevu juu ndipo aone njia. Mama yake anamfunika kitenge akipita watu. Hospitali hampeleki, atampelekaje na yeye ndiye aliyetangaza kwamba jicho si ugonjwa? Anachosema ni kwamba mimi ndiye niliyemroga: "Alimuachia mutoto yangu jicho yake."

Wiki iliyopita nilikwenda kuchukua vidonge. Daktari akaniambia wapasuaji wa macho wanakuja Jumatatu na Jumanne ya wiki ijayo, siku mbili tu, na majina yanaandikwa mwisho Ijumaa hii. Nikamuuliza kwa njia ya mbali kuhusu mtoto aliyezaliwa hivyo. Akasema kama kope inaziba mboni, mtoto asicheleweshwe, kwa sababu jicho lisilotumika linazoea kutoona, na hata ukiinua kope baadaye halitaona vizuri tena. Akaniomba nitangaze huku kwetu. Sijamwambia mtu.

Nataka wifi asimame kanisani Jumapili, mbele ya kaka yake na binti yangu, aseme kwa kinywa chake kwamba alinisingizia. Ndipo nimwambie. Lakini Jumapili majina yatakuwa yameshafungwa, na nikimwambia sasa atachukua msaada na kesho ataendelea kuniita mchawi. Namjua.

Jana nilipita mbele ya mlango wao. Mtoto alikuwa amekaa peke yake, akainua kidevu akanitazama kwa lile jicho moja, wala hakujiziba uso. Akanichekea. Nilitembea haraka nikaondoka.

Leo ni Jumatano. Nishaurini, niende nikamwandikishe, au ninyamaze mama yake aonje alichonipikia? Lakini msiniambie nisamehe. Hilo sikuuliza.