Orodha ya Wanaosoma Bila Kuelewa

Kwa miaka tisa nilikunywa chai ya chupa moja na mwanamke ambaye siku hizi nikimwona mjini navuka barabara. Sitaki ushauri kuhusu kusamehe. Kanisani nimeshaambiwa vya kutosha, na anayeniambia hajui kilichotokea.

Alikuwa mwalimu wa taaluma katika shule yetu ya msingi, pembezoni mwa jiji upande wa Terrat, huko lami inakokwisha. Mimi nilikuwa na darasa la pili. Nilipoajiriwa yeye ndiye aliyenipokea, akanionyesha choo kisichofungika na mzazi wa kuogopwa, na baadaye akasimama mama wa ubatizo wa mwanangu wa kwanza. Aliniita mdogo wangu. Nilimweleza hadi mambo ya ndoa yangu, kwa hiyo haikunijia kabisa kumficha daftari.

Watoto wetu wengi nyumbani wanaongea Kimaasai. Kiswahili wanakutana nacho kwangu na kwenye redio ya jirani. Kusoma hawashindwi. Silabi zikishawakaa wanatiririka, na mtu akipita dirishani atasema hapa kazi imefanyika. Balaa linaanza ukifunga kitabu na kuuliza kumetokea nini humo ndani. Wanakutazama kwa huruma, wakisubiri ujijibu mwenyewe.

Kulikuwa na binti mmoja mrefu kuliko wenzake, aliyechagua mwenyewe kukaa dawati la mbele. Alisoma vizuri kuliko wote na hakujua anachosoma. Alikuwa na mbinu yake. Ukimuuliza mbuzi alikunywa maji wapi, anatafuta neno mbuzi kwenye habari, kisha anakusomea sentensi nzima yenye mbuzi. Mara nyingi anapata, na mimi nilimpa vema zangu nyekundu miezi kadhaa bila kushtuka. Siku moja nikamuuliza swali ambalo jibu lake halikuandikwa popote: huyu mama alijisikiaje? Akanisomea sentensi ya kwanza. Nikarudia swali. Akanisomea tena, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba kiziwi ni mimi.

Niliona aibu, kwa sababu vema zile zilikuwa zangu. Wiki ile nikawasikiliza wote mmoja mmoja, na kwenye ukurasa wa katikati wa daftari langu nikaandika kichwa cha habari, "Wanaosoma bila kuelewa", na chini yake majina tisa. La binti lilikuwa la tatu.

Tangu hapo, kila siku baada ya uji, wale tisa walibaki nami. Utaratibu ulikuwa mmoja: tunasoma sentensi mbili, tunafunga kitabu, wanasimuliana kwa Kimaasai, halafu mmoja ananieleza mimi kwa Kiswahili chochote alichonacho. Sikusahihisha Kiswahili hicho. Kimaasai changu ni cha kununulia maziwa, lakini kilitosha kunijulisha kama mbuzi wa kwenye hadithi bado yuko hai. Mwenzangu alikuwa akipita anacheka mlangoni. "Mdogo wangu, unawafundisha au wanakufundisha?" Nami nilicheka, kisha wakati wa chai nikamfungulia daftari na kumwonyesha nani amesogea na nani amekwama. Alisikiliza vizuri sana. Alikuwa anauliza hata wanakaa wapi.

Binti alifunguka siku ya habari ya mzee aliyeacha mlango wa boma wazi, mbuzi wakaingia shamba la jirani wakamaliza mahindi. Hakusubiri nifunge kitabu. Alipiga dawati kwa kiganja akasema, "Kwa nini hakuziba na miiba?" Alikuwa amekasirika kweli, macho yamemtoka. Kitabuni hakukuwa na neno miiba. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya darasa, nikalia kidogo, nikarudi.

Baada ya hapo hakushikika. Kila habari alikuwa na kesi na mtu ndani yake. Tulipopewa taarifa kwamba Jumatano mgeni wa upimaji atakuja, kila mtoto asome mbele yake na kujibu maswali, nilimwambia binti, "Wewe ndiye utaingia wa kwanza."

"Na nitamweleza?"

"Utamweleza mpaka achoke."

Majina sikuyakata kwenye orodha, hata la kwake. Nilitaka nije niyakate yote kwa siku moja, upimaji ukiisha, mbele yao. Huo ni ujinga wangu na sina wa kumsukumia.

Ijumaa mwenzangu aliazima daftari. Alisema anataka kulinganisha mahudhurio. Akalirudisha Jumatatu asubuhi, na kwa pilikapilika za wiki ile sikulifungua.

Jumatano wale watoto tisa hawakuja. Niliita majina kwenye rejista nikidhani nimeruka mstari. Nikauliza wenzao, wakasema huyu anachunga, yule anaumwa, huyu hatujui. Nilikwenda ofisi ya walimu nikiwa nimewaka. Niliwatukana wazazi wale, Mungu anisamehe. Nilisema watu wa huku hawastahili mwalimu, ng'ombe kwao ni bora kuliko mtoto. Mwenzangu alinimiminia chai. Akaweka sukari mbili kama ninavyopenda, akasema, "Ndivyo walivyo, mdogo wangu. Utafanyaje?" Akanipiga piga begani. Mkono ule nausikia hadi leo.

Mgeni alikaa na kishikwambi chake ofisini kwa mwalimu mkuu, watoto waliokuwepo wakaingia na kutoka, na wengi walifanya vizuri. Wiki iliyofuata, kwenye mstari wa asubuhi, mwalimu mkuu akatangaza kwamba darasa langu limeongoza kata nzima. Nikavishwa doti ya kitenge mbele ya shule. Wale tisa walikuwa wamerudi, wamesimama mstarini na wenzao, wanapiga makofi. Binti alipiga kidogo akaacha. Nilikuwa bado nimewanunia kwa kutokuja, sikuwauliza lolote.

Mchana ule mlinzi wa shule alinisimamisha getini. Ni mzee wa makamo ya baba yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Hongera kwa kitenge." Akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hii karatasi yako nimeisahau siku zote hizi. Nilizunguka nyumba zote tisa kama ulivyoagiza, hata moja sikuruka."

Niliikunjua. Ulikuwa ukurasa wangu wa katikati, umechomolewa kwenye pini taratibu, hata hamna alama ya kuchanika.

"Nani alikwambia nimeagiza?"

"Si mwalimu wa taaluma? Alisema umewaombea watoto hawa wapumzike Jumatano."

Nilimkuta ofisini anapanga madaftari. Niliiweka karatasi mbele yake. Hakujisumbua hata kukana, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Sasa ulitaka tuaibike?" alisema. "Mwaka jana tulikuwa mkiani, mkuu alisemwa kikaoni kama mtoto. Wewe mwenyewe umeandika hapa hawaelewi. Mimi ningewajuaje? Orodha ni yako."

"Nilikwambia wanaelewa sasa! Nilikwambia kuhusu binti, ukacheka, ukanishika mkono!"

"Uliniambia mmoja. Ningehakikishaje? Acha hizo, Madam. Kitenge umevaa wewe, sijavaa mimi."

Ndiyo mara ya kwanza kuniita Madam tangu tujuane. Niliondoka kabla sijamrushia ile chupa ya chai. Nilikuwa nimeshaishika.

Nilikwenda kwa miguu hadi kwa binti, nusu saa na vumbi. Mama yake alikuwa anakamua mbuzi. Ni mdogo kwangu kiumri, akanyanyuka kwa heshima zote, akanipa kigoda, akaanza kunishukuru kwa kutuma ujumbe mapema. Alisema sare alishaifua Jumanne na binti alishampa mdogo wake zamu ya ndama, lakini mlinzi alipofika na karatasi ya mwalimu, wakatii. Mwalimu akisema pumzika, kuna sababu yake.

Binti alitoka nyumba ya nyuma. Watoto wa huku humsalimu mkubwa kwa kuinamisha kichwa ili aguswe, na yeye alikuwa hajawahi kunipita bila kuleta chake. Siku hiyo alisimama mbali, akasema shikamoo kama wanavyosema wa mjini.

Nikaanza kumweleza. Nilisema kulikuwa na makosa, kwamba mlinzi hakupewa maelezo vizuri, kwamba karatasi ile haikuwa ya kusomwa na mtu. Nilikuwa namdanganya, na nilikuwa namlinda mwanamke ambaye sikuwa na sababu yoyote ya kumlinda. Mazoea ya miaka tisa hayatoki kwa mchana mmoja.

Mama yake akaingilia, kwa fahari. "Mzee wa getini macho yake hayaoni vizuri, mwalimu. Karatasi yote alisomewa na huyu. Alimsomea majina yote tisa na nyumba za wenyewe akamwelekeza."

Nilimgeukia binti. "Ulisoma na maneno ya juu?"

"Nilisoma."

"Na..." Nilishindwa kumalizia. Swali lile nilikuwa nimemuuliza kila siku baada ya uji, na sasa halikutoka.

Alilijibu hivyo hivyo. Alifumba macho kidogo, kama tulivyokuwa tukifanya tukishafunga kitabu, akaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka.

"Mwalimu ana watoto tisa ambao hawajui. Mgeni anakuja. Mwalimu anaona aibu, anawaficha." Akafumbua macho. "Mwandiko ni wa kwako."

Hakukuwa na hata sehemu moja ya kusahihisha. Mama yake alikuwa ananitazama akitabasamu, akisubiri nimsifu.