Kiu Ilipomwacha Bibi

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha biolojia katika kijiji cha Ziwani, Mtwara, nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mkulima wa korosho na mihogo. Aliishi na mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na kitu, ambaye sote tulimwita Bibi. Mimi nimezaliwa Rungwe, kwenye mvua na baridi, na joto la Oktoba la huko lilinitoa jasho hata nikiwa nimekaa. Bibi alinicheka. Yeye alishinda shambani, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, akitenganisha korosho na mabibo, na maji aliyowekewa asubuhi tuliyakuta jioni hayajaguswa. Nikimuuliza, alinijibu kwamba hana kiu.

Jibu hilo lilinitosha. Wiki hizo nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi jinsi mwili unavyojilinda: damu ikizidi kukolea, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo huhisi, huziagiza figo zibane maji, kisha hutuletea kiu. Niliwaambia hatuhitaji kukumbushwa na mtu. Nilikuwa nalipenda sana somo hilo.

Ijumaa moja nilirudi mchana nikamkuta Bibi amekaa barazani, kanga imemdondoka kichwani, wala hajali. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Akanihimiza kwa Kimakonde, kisha kwa Kiswahili, tufunge mizigo twende Kitaya, kwa kuwa watoto wanatungoja mtoni. Binti yake, mama mwenye nyumba wangu, alikuwa amesimama mlangoni, analia bila sauti. Aliniambia uzee umefika, na kwamba jirani amekwenda kumwita sheikh aje amsomee dua.

Mimi pia nilidhani akili imeanza kumtoka. Nikamshika mkono ili nimtulize, nikaona ngozi niliyoibana kwa vidole imebaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Midomo ilikuwa imepasuka. Nikauliza mara ya mwisho kwenda haja ndogo ilikuwa lini. Binti yake hakukumbuka.

Tulimpeleka kituo cha afya kwa bajaji, tumemweka katikati yetu. Daktari alimtazama ulimi, akamtundikia dripu, halafu akaniuliza Bibi hunywa maji kiasi gani kwa siku. Nikasema hunywa akiona kiu.

"Ukingoja aone kiu, Mwalimu, utamzika," alisema, bila ukali. "Umri ukienda, kiu hufifia. Mwili unakauka na ubongo hauleti habari."

Nilitamani asingeniita Mwalimu.

Chupa ya pili ilikuwa inakaribia kwisha Bibi alipofumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akauliza korosho zake zimebaki na nani. Binti yake alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Nimelala naye nyumba moja," aliniambia, "na nimemtazama akikauka." Hata mimi nilikuwa nimemtazama.

Tulidhani kazi imekwisha, kumbe kumnywesha kulikuwa kugumu zaidi. Kwa mtu asiye na kiu, kikombe cha maji ni kama sahani ya ugali mbele ya aliyeshiba. Alikishika, akalowesha midomo, akakirudisha. Nilimweleza habari za ubongo na figo, akanisikiliza kwa adabu, na maji yakabaki. Aliyepata njia ni binti yake. Bibi hakuwahi kusahau swala, basi kikombe kikawekwa kando ya birika la udhu, na kabla ya kila swala akawa anakinywa chote, uso ameukunja.

Siku moja, baada ya kumeza, aliniambia jambo ambalo bado ninalo. Alipokuwa msichana huko Kitaya walitembea siku nyingi kukimbia njaa, na kilichomtesa kuliko njaa kilikuwa kiu. "Iliponiacha uzeeni," alisema, "nilidhani Mungu amenipumzisha."

Nilirudi darasani nikalirekebisha somo. Mwanafunzi mmoja aliuliza mzee atajuaje, basi, kwamba anahitaji maji. Nikamwambia kuna watakaojua kwa kutazama saa, na kuna watakaohitaji mtu wa kuwajulia.

Ramadhani ilipofika, daktari alimkataza Bibi kufunga, na sheikh akathibitisha kwamba dini imemruhusu, alishe maskini badala yake. Alikubali kwa mdomo tu. Siku mbili za mwanzo hakunywa mchana, maana aliona haya kuinua kikombe mbele ya binti yake aliyefunga. Siku ya tatu, adhuhuri, alibisha hodi chumbani kwangu. Alijua mimi ni Mkristo na kwamba mchana nakula, japo nilikuwa nafunga mlango kwa heshima yao.

Aliketi ukingoni mwa kitanda. Nikamimina vikombe viwili, nikampa kimoja.

"Anza wewe," alisema.

Nikanywa. Naye akanywa, taratibu, ameugeuzia ukuta uso.