Kitambaa cha Kompyuta

Kompyuta yangu ya gemu niliiunda kwa vipande nilivyochagua mwenyewe kwa fundi Njoroge, Thika. Feni nilichukua ile ya bei rahisi. Nyumbani Ruiru ikawa inazima kila nikicheza dakika kumi. Nilibadilisha waya, nikahamisha meza, nikazidi kushangaa. Mwishowe mimi, ninayeogopa hata kuitisha mkate dukani, nikarudi Thika nikamwambia Njoroge mbele ya wateja wake, "Umeniuzia feni mbovu!"

Aliumia. Akafunga duka, tukaja naye hadi sebuleni kwetu. Akainua kitambaa cheupe kilichoziba matundu yote ya hewa, sawa na vile vya redio na viti.

"Wee msichana, sasa hii feni ipumulie wapi?"

Mama akamjibu kwa fahari, "Binti yangu alikifuma mwenyewe. Wiki mbili nzima!"