Maksi za Albamu ya Mama Mkwe

Jumapili baada ya ibada nilikwenda Njiro kumsalimia mama mkwe. Hata chai haijamiminwa, akaniwekea albamu mapajani, ile nene ya picha ambayo kila mgeni wa nyumba yake lazima aipitie.

"Nasikia kule gazetini unawapa watu maksi za albamu zao," akasema. "Basi na mimi nipe."

Nilipaswa kumweleza kwamba ninazopima ni albamu za muziki, za bendi za roki, kuanzia ya ujanani hadi ya uzeeni. Lakini ukiombwa utaalamu wako ukweni, kichwa huvimba. Nikakohoa kidogo, nikafunua kurasa kwa ncha ya kidole, nikatamka yale yale ninayoandika hapa kila wiki.

"Za mwanzo zina moto, mama. Nane kwa kumi. Za katikati zimejaa mbwembwe. Hizi za mwisho zimechoka, hazina jipya. Nne, tena kwa huruma."

Mama mkwe akavaa miwani, akainamia ukurasa niliotoka kuuponda. Zilikuwa picha za kipaimara cha binti yangu, mwezi uliopita. Kidole chake kikapita watu wote, kikatua juu yangu mimi, mstari wa mbele, koti limefungwa kwa kifungo kimoja kilichokaribia kuruka.

"Kweli, baba, huyu amechoka," akasema taratibu. "Lakini hiyo nne ni nyingi."