Si Zinawaka?

Chama chetu cha ushirika kilikuwa na kompyuta mbili za mnada wa ufuta, moja Nachingwea, nyingine Ruangwa, na programu ya kuzigawia kazi ili hata moja isielemewe. Nilimwambia meneja kwamba mfumo endeshi wa kompyuta hizo umepitwa na wakati, waliotengeneza programu hawauhudumii tena, nikaomba kompyuta mpya. Akanijibu, "Si zinawaka?"

Siku ya mnada programu ikagoma, kazi zote zikaangukia kompyuta ya Ruangwa, nayo ikazima. Wakulima waliotoka kijijini Ruponda walishinda juani wakisubiri bei. Meneja akasimama mbele yao, akasema fundi kaharibu. Fundi mwenyewe ndiye mimi.

Kompyuta mpya niliyoomba ilishaletwa zamani. Ilikaa mezani kwa meneja, haijawashwa hata siku moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma.