Kibuyu Kilichobaki Shuleni

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi nilisimama mbele ya shule yangu ya zamani, upande wa Dirma, na kitu cha kwanza nilichokagua ni kufuli. Lilikuwa jipya. Niliambiwa huko Mbulu, ninakoishi sasa, kwamba jengo limegeuzwa makumbusho ya jamii na kwamba vitu vya wazee wetu vimepangwa humo ili watu wavione. Nikajiuliza nani alivikusanya, na watu wakishaondoka vinakwenda wapi.

Mlangoni alikaa mama wa rika langu, akichambua mboga kwenye ungo.

"Kiingilio elfu mbili, kaka."

"Hata kwa aliyesoma hapa?"

"Wote wanaokuja walisoma hapa. Tukiwasamehe wote, bati jipya la paa atalipa nani?"

Nililipa, nikaomba risiti. Hakuwa nayo. Hilo nililiweka akilini.

Chumba kilikuwa darasa letu la pili. Pale ulipokuwa ubao wamepigilia rafu: vigoda, mikuki, kengele za ng'ombe, sketi ya ngozi yenye shanga. Katikati, kibuyu cha maziwa kilichopasuka ubavuni kikashonwa kwa mshipa wa ng'ombe, nyuzi zikilala upande usiotarajiwa. Bibi yangu alishona kwa mkono wa kushoto. Chini yake kadi ilisema kimetolewa na wananchi.

Bibi hakukitoa. Alikiazima tu.

Ungeijua shule ile ilivyokuwa siku zetu, ungeelewa. Kengele yake ilikuwa sahani ya jembe la trekta kutoka mashamba ya ngano, na tuliisikia tukiwa bado zizini. Saa hiyo bibi alikuwa anaandaa kibuyu: anatia kijinga cha moto cha mzeituni pori, anakitikisa mpaka moshi ukae ndani, ndipo maziwa yanaingia. Yalitoka na chembe za majivu na ladha ambayo siwezi kuielezea vizuri. Mpaka leo maziwa ya pakiti kwangu ni maji meupe. Tulikunywa, tukabeba kila mtu kuni zake za shule, tukakimbia vumbini, Mlima Hanang umevaa wingu lake. Mvua ikipiga bati mwalimu alinyamaza, nasi tukakaa tu tukiisikiliza.

Bibi hakuiamini shule. Mtoto wake wa kiume aliingia mle akiwa mchungaji mzuri, akatoka na habari za mjini, akaenda na hakurudi. "Nyumba ile inakula," alikuwa akisema, na akienda kisimani aliizunguka kwa mbali.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Mbulu, mwenye sweta la kijani hata wakati wa joto. Chumba chake kilinukia maharage yanayochemka, chakula ambacho siku zile sisi wafugaji hatukuwa nacho. Aliagiza kila mtoto alete kitu kimoja cha nyumbani, tujifunze kazi za mikono za wazee. Bibi alikataa. Ndipo mwalimu akaja mwenyewe, akasimama nje ya boma akisubiri kukaribishwa, na hilo lilimlainisha. Alikijaza kibuyu maziwa, akanituma na neno moja: kisirudi kitupu. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi bila kitu ndani. Ukikirudisha kitupu umemwambia mwenyewe kwamba hamjuani tena. Mwalimu alicheka. "Mwambie bibi hata kwetu ni hivyo hivyo."

Kiangazi kile tulihamisha ng'ombe kufuata majani. Tuliporudi, mwalimu alikuwa amehamishiwa mbali. Mwalimu mkuu akasema vitu viko stoo na ufunguo hauonekani. Bibi alikwenda mwenyewe, akasimama dirishani kwa nje, nikimtafsiria, maana Kiswahili hakukijua.

"Muulize kama hiyo stoo inakunywa maziwa."

Hilo sikulitafsiri.

Mwaka uliofuata mdogo wangu wa kike alifikia umri wa kuandikishwa. Bibi akakataa. "Kibuyu changu hakijarudi, nipeleke na mtoto?" Hakuna aliyemshinda. Mimi niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea, mdogo wangu alichunga. Leo ujumbe ukiingia kwenye simu yake anatafuta mtoto wa jirani amsomee. Miaka yote hiyo nilimhesabu mwalimu yule kuwa mwizi, tena mwizi wa vitu viwili.

"Naomba nikishike," nilimwambia mama wa mlangoni.

"Haviguswi."

"Ni cha bibi yangu."

"Kaka, wewe ni wa tatu mwezi huu. Wa kwanza alidai mkuki. Nikamuuliza bibi yake alimchoma nani, akaondoka."

Nilimwonyesha mshono, nikamweleza kuhusu mkono wa bibi. Aliutazama, akanitazama mimi, akakishusha. Kitu kikatikisika ndani. Kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya katani. Bibi alifunga kwa ngozi.

"Hamjawahi kukifungua?"

"Kilitoka stoo hivyo hivyo, siku ya kung'oa bati. Tulidhani watoto walitia kokoto."

Nilikifungua. Yalikuwa maharage mekundu, makavu kama mawe, mengine yametobolewa na wadudu, yamejaa hadi shingoni. Nilinusa. Moshi haukuwepo tena.

Nilitafuta maelezo mengine. Mfugaji hawezi kutia maharage kwenye kibuyu cha maziwa. Mwizi angeondoka nacho. Aliyekijaza ni mtu aliyejua kwamba hakirudi kitupu, na ambaye kwao walilima maharage. Kwa nini hakikufika, sijui, na sitabuni.

"Hayo chukua, ni ya kwenu," mama alisema, akinipa mfuko. "Kibuyu ni mpaka kamati ikae."

Jioni nilifika kwa mdogo wangu. Boma la bibi sasa ni shamba la mtu, mizeituni pori imekwisha kuwa mkaa, na kengele ya sahani hakuna anayejua ilikokwenda. Nilimweleza yote. Aliyageuza maharage kiganjani.

"Umeyanunua Mbulu."

"Hapana."

"Umeyanunua, ili nimsamehe mwalimu wako."

"Tazama matundu."

Alitia moja mdomoni, akaliuma, likakataa. Alilitoa, akalirudisha kiganjani.

"Kibuyu kiko wapi?"

"Kimebaki."

"Wamekibakiza tena. Walau walikuacha uingie bure?"

"Nililipa."

"Ngapi?"

Nilimwambia. Aliyakusanya maharage yote, hata yaliyotobolewa, akayafunga kwenye pindo la shuka lake, fundo juu ya fundo.

"Bibi alikwambia nyumba ile inakula," alisema. "Elfu mbili."