Nilipokea Mahari ya Mdogo Wangu kwa Simu, Nikiwa Ufukweni

Msinipe pole. Kosa ni langu, nimelifanya kwa mdomo huu huu ninaolia ugali, na sitaki mtu aje kuniambia ni shetani. Shetani hakuwepo siku ile. Nilikuwepo mimi.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Kwetu ni kijijini huko Butiama, ila nilikuwa nimepanga chumba Mwisenge, pale Musoma. Kazi yangu ni ya mtandaoni: nawajibu wateja wa kampuni ya nje wanaolalamikia tiketi zao za ndege. Ofisi ni laptop na bando. Majirani walikuwaga wanaulizana, huyu kijana mbona hatoki, anakula nini, si tapeli kweli?

Nikaanza kuangalia video za vijana wenye kazi kama yangu, wanazunguka dunia. Asubuhi wanajibu wateja, jioni wanapanda milima kwa pikipiki. Nikajisemea, na mimi nina nini kinachonifunga hapa? Nikaondoka kwenda Thailand. Nyumbani nikawaambia kampuni imenipeleka Dodoma kwenye mafunzo.

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mkubwa wa nyumba sasa nilikuwa mimi. Mama asingekubali niende mbali hivyo. Nami sikutaka kubishana naye, nilitaka kwenda. Ubinafsi mtupu!

Huku nyuma mdogo wangu akapata mchumba. Mdogo wangu nimwite Nyangeta, na mchumba nimwite Masatu. Ni fundi wa injini za mitumbwi, kwao Bunda, upande wa ziwani. Kijana mpole. Zamani akitoka kutengeneza injini huko Murangi alikuwaga anapita kwangu Mwisenge na samaki wawili, sato, ananisalimia, anaenda zake. Nyangeta alimpenda mpaka akawa anacheka peke yake akiosha vyombo.

Sasa sikilizeni. Kwetu mahari ni ng'ombe, na ng'ombe hawapokelewi hivi hivi. Mkubwa wa nyumba anaingia zizini na fimbo, anapita katikati yao mmoja mmoja. Asiyemridhisha anamnyooshea fimbo, ananyamaza. Wakwe wanaelewa, watambadilisha. Neno halisemwi, maana ukimtukana ng'ombe wa mahari umemtukana aliyemfuga. Baba alinifundisha hilo nikiwa na miaka kumi, akanipa fimbo yake niishike. Siwezi kusema sikujua.

Baba mdogo akanipigia niende kupokea. Nikasema sipewi ruhusa kazini. Akasema hamna shida, watasogeza siku mpaka nipewe. Jamani, si ningenyamaza tu! Nikajifanya mjuaji. Nikamwambia siku hizi vikao vikubwa vinafanyika kwa video, nitawaona ng'ombe wote vizuri, hiyo ndiyo kazi yangu. Wazee wakagoma. Aliyewabembeleza mpaka wakakubali ni Nyangeta mwenyewe, kwa kuwa aliniamini.

Siku yenyewe nilikuwa kwenye kibanda cha vinywaji ufukweni. Butiama ilikuwa saa nne asubuhi. Simu nimeiegemeza kwenye chupa, nyuma yangu, kwa ile programu ya video, nimeweka picha ya ukuta wa ofisi ili nionekane niko kazini. Laptop iko pembeni, na yenyewe ina kikao cha kampuni. Hayo ndiyo maisha niliyoyazoea: unazima sauti, unatikisa kichwa, unaendelea na mambo yako. Mabosi wangu hawajawahi kushtuka hata siku moja.

Nisichokijua ni kwamba baba mdogo alikuwa ameazima spika ya kwaya, akaiunganisha na simu, ili wazee wa pande zote wanisikie mkubwa wa nyumba.

Akaanza kupitisha simu mbele ya ng'ombe. Akiuliza nimemwona huyu, natikisa kichwa. Na huyu? Natikisa. Macho yangu yako kwenye laptop, nasoma ujumbe wa bosi.

Akaja jamaa mmoja wa Mwanza niliyefahamiana naye kule, kifua wazi, taulo begani. Akauliza naongea na nani. Nikabonyeza kuzima sauti. Ya laptop. Ya simu nikaisahau.

Nikamjibu hivi, nayaandika kama yalivyotoka: "Wazee wa kijijini hao, wananionyesha ving'ombe vyao vimekonda hata mbwa hashibi. Ngoja wamalize tukaogelee."

Kwenye spika ya kwaya! Mbele ya baba yake Masatu, mzee aliyewafuga wale ng'ombe tangu wakiwa ndama, akawasindikiza mwenyewe kutoka Bunda.

 Kuinua macho, kioo cha simu kimejaa uso wa yule mzee. Na jamaa wa Mwanza naye akainama kuchungulia, picha yangu ya ofisi ikavurugika, maji yakaonekana nyuma yetu. Mzee hakupandisha sauti.

"Kijana," akasema, "Dodoma wamepata ziwa lini?"

Akamrudishia baba mdogo simu, akaamuru watu wake wafungue zizi. Ng'ombe wakatoka, wakarudi Bunda. Chakula kikabaki kwenye masufuria. Mama akaingia ndani akafunga mlango. Haya nilisimuliwa, kwa sababu mimi nilishakata simu.

Na mnajua nilienda wapi? Nilienda kuogelea. Nikasema wazee watapoa. Nichukieni na kwa hilo pia.

Nilirudi baada ya wiki tatu. Baba mdogo akanipeleka Bunda kuomba msamaha. Tukakaa barazani. Mzee hakutoka. Akaja binti yake na simu mkononi, imeshapigwa kwa baba yake, akaiweka kwenye stuli mbele yangu. Mzee yuko ndani hapo hapo, nasikia akikohoa nyuma ya ukuta. Nikapiga magoti nikaomba msamaha kwa simu, mtu mzima mimi, jasho linanitoka. Nikamaliza.

"Nimekusikia vizuri," akajibu kwenye simu. "Mtandao uko sawa. Nenda salama."

Akakata.

Masatu alioa binti wa huko Kiriba. Simlaumu, na nyie msimlaumu.

Nyangeta sasa yuko Musoma, anauza kwenye duka la vitenge. Tangu nirudi ameongea na mimi mara moja tu. Nilimfuata dukani, nikaanza maneno yangu ya kujitetea, akaendelea kukunja kitenge mpaka nikaishiwa.

"Kaka," akasema, "ni yupi aliyekonda?"

Nikaangalia vitenge.

"Nakuuliza. Mimi nilikuwa nimesimama pale zizini, niliwaangalia wote. Ni yupi?"

 Mungu wangu, sikuwa nimemwangalia hata mmoja! Nilisema wamekonda ili jamaa wa Mwanza acheke. Baba mdogo aliniambia baadaye kwamba walikuwa wamenona, kwamba mzee alikuwa amewachagua wale wazuri kabisa.

Sasa wewe uliyeko huko ng'ambo na laptop yako, unayetikisa kichwa wakati mama anaongea huku unasoma mengine. Usinicheke, unafanya yale yale, hujakamatwa tu. Zunguka dunia ukitaka, mguu ni wako. Ila sema ukweli uko wapi, na siku ya ng'ombe urudi uingie zizini kwa miguu yako. Kama hutaki, wape wengine fimbo mapema, usijifanye mkubwa wa nyumba kwa bando.

Fimbo ya baba, mama ameshaitoa ukutani, ameipeleka kwa baba mdogo. Akitokea mwingine wa kumchumbia Nyangeta, na namwombea kila siku atokee, atakayepokea ni baba mdogo. Mimi nimeshaambiwa: nisije, na nisipige simu.